Kumtoa Ndugu Yangu Kwa Kitabu

Mimi nilikuwa nauza chai Malaba, pale malori zilikuwa zinapanga foleni kungoja kuvuka mpaka kwenda ng'ambo. Hiyo foleni ilikuwa ndefu, wewe. Dereva wa mwisho alikuwa anaoa akiwa kwa foleni, anazaa, mtoto anaota meno, ndio lori yake inafika kwa geti. Na chai yangu ilikuwa nzito mpaka kijiko inasimama yenyewe ndani ya kikombe kama askari wa gwaride. Hivyo ndivyo nilikuwa naongea. Watu walikuwa wanakuja kwa kibanda yangu kufuata mdomo, si maziwa. Maziwa ilikuwa kidogo.

Shule sikusoma. Niliipita kando nikienda kuchunga ng'ombe. Kusoma nilikuja kujua nikiwa na mvi, kwa darasa ya watu wazima. Wakati wa haya mambo, kitabu kwangu ilikuwa kama tofali: kitu ya pembe nne, unaweza kuegeshea mlango.

Ndugu yangu mkubwa naye alikuwa taniboi, yule msaidizi wa dereva, kwa lori ya soko. Ile lori inapeleka watu na mizigo Khunyangu siku ya soko na kuwarudisha Busia. Huyo hakuwa mtu wa maneno. Mama alikuwa anasema maneno ya tumbo yake yote yalingojea mimi, na ndugu yangu akapewa mabega. Alikuwa na mabega kweli. Lori ikikwama kwa matope alikuwa anaishika nyuma hivi, anaiinua, anaipanguza tairi na kitambaa, anaiweka chini.

Sasa mwaka fulani, hapo mwanzo wa miaka ya sabini, akakuja mama mmoja na kagari kadogo kanakohoa kama mzee wa tumbaku. Alikuwa mwalimu wa huko Kakamega, amestaafu, na kazi yake sasa ilikuwa kuandika vitabu. Si za hadithi. Za vitu za kweli. Akauliza kwa foleni kama kuna mtu anajua wanyama wa kwa maji. Dereva mmoja wa Mombasa akanionyesha na kidole.

"Muulize huyu, mama. Huyu amelala na kiboko."

"Si kulala," nikamwambia. "Tuligawana blanketi tu. Na alikuwa anavuta sana upande wake."

Mataniboi wakacheka mpaka wakamwaga chai. Huyo mama hakucheka. Akaketi kwa benchi, akaweka mkoba yake kwa magoti.

"Hiyo kiboko ilikuwa kubwa namna gani?"

"Mwalimu, ikipiga miayo, ng'ombe walikuwa wanaingia ndani wakifikiri ni zizi."

"Sasa toa chumvi."

"Nikitoa?"

"Ndio. Ukitoa chumvi inabaki nini?"

Nikafikiria. "Inabaki kiboko, mwalimu. Niliiona kwa mbali."

"Basi hiyo ndio nitaandika," akasema, na sasa akakunywa chai.

Nilimpenda kutoka hiyo siku. Mtu wa kuninyang'anya uongo mbele ya wateja wangu, na bado nikampenda. Nilimpeleka kwetu, nje kidogo ya Busia ukienda Alupe, nikampatia ndugu yangu amsukumie mtumbwi. Siku zile lori haina safari, wawili hao walikuwa wanaingia kwa mafunjo asubuhi, wanarudi jioni wamenuka matope, na hakuna mtu ameongea. Yeye anaangalia fisi maji, ndugu yangu anaangalia mahali pa kudunga mti. Walipatana sana. Mimi nilienda nao siku moja tu, wanyama wote wakahama.

Hiyo kitabu ilipotoka alituletea moja. Ndani kulikuwa na kiboko, fisi maji, ndege wa kila aina, na ukurasa moja ilikuwa na picha ya ndugu yangu amesimama kwa mtumbwi ameshika mti. Mama yetu akaishika mbali na macho, akaigeuza, akairudisha.

"Sasa mbona wamemweka na wanyama? Hakukuwa na kitabu ya watu?"

"Ndio hiyo ya watu itafuata, mama," mwalimu akamwambia.

Mama akaifunga kwa leso akaiweka kwa sanduku yake ya mbao, ile ya nguo za kanisa.

Mafuriko ikakuja. Hapa ningeweza kukuambia samaki walikuwa wanasimama kwa barabara wanauliza njia ya kurudi kwa mto. Kwa kibanda niliisema hivyo, watu wakacheka. Lakini ilikuwa hivi: mvua ilinyesha huko juu milimani, si kwetu. Kwetu jua ilikuwa inawaka. Maji ya mto Sio ikakuja kutoka juu mara moja, ikiwa nyekundu, na ile lori ya soko ilikuwa imefika kwa daraja ikitoka Khunyangu. Ikachukuliwa na maji, pamoja na daraja.

Watu walimwona ndugu yangu akipanda nyuma ya lori Khunyangu. Hakuna mtu alimwona akishuka.

Tulienda kwa mto na miti mirefu, wanaume wa boma zote, tukawa tunadunga maji. Wengine walipata watu wao. Walikuwa wanawafunika na majani ya ndizi wanawabeba. Mimi nilidunga maji mpaka mikono ikakauka. Nilikuwa nangojea kitu ikuje hapa kwa kifua, ile kitu inakuja kwa watu, nione inafanana aje. Haikukuja. Nilisikia tu njaa. Nikarudi Malaba nikawasha jiko, na mteja wa kwanza akaniambia pole, nikamwuliza anataka chai na mandazi ama chai peke yake.

Sasa kwetu mtu akipotea na maji na mwili isionekane, hamwezi kukaa hivyo tu. Mnachukua mgomba, mnaifunga kwa shuka kama mtu, mnachimba shimo kwa boma, mnaizika, watu wanalia, mnanyoa nywele, imekwisha. Bila hivyo yule mtu anazunguka nje na hakuna mtu kwa hiyo nyumba atapata usingizi. Baba yetu alikuwa amekufa zamani, kwa hivyo baba mdogo ndiye alikuwa mkubwa wa boma. Alikuwa mtu mfupi wa sauti kubwa. Akisema "habari" hapa, watu wa Tororo walikuwa wanajibu "nzuri." Akasema mgomba itazikwa.

Mama akasema, "Zikeni. Lakini mimi silii mgomba."

"Utalia. Ni mtoto wako."

"Mtoto wangu nilimzaa akiwa na miguu. Hiyo haina miguu."

Na hakulia. Wanawake wa mtaa wa Burumba walikuja, wa kanisa yake walikuja, wakalia mpaka mbwa wakahama. Yeye alikuwa ameketi kwa mlango ya jikoni anamenya muhogo. Na mimi nilikuwa kando ya shimo nikiangalia ile kitu kwa shuka, nikifikiria tu kwamba wameifunga vibaya upande wa kichwa.

Kuna jambo moja ndogo hapa. Binamu yetu ndiye alitumwa kukata hiyo mgomba. Mtu anakata shina, si ndio? Huyo panga yake ilikuwa butu, na alikuwa mvivu wa kunoa, mvivu ile ya kusifiwa. Basi badala ya kukata aliing'oa yote, na kile kichwa ya chini yenye mizizi. Tukaizika hivyo hivyo. Hakuna mtu aliangalia. Nani anaangalia miguu ya maiti?

Baadaye mwalimu akarudi Malaba na kagari kake. Sasa alikuwa ameacha wanyama. Alikuwa anaandika kitabu ya majanga: mafuriko, nzige, ukame, moto. Alikuwa ametoka kuona pale daraja ilikuwa. Akaketi kwa ile benchi yake.

"Ndugu yako anaendelea aje? Nataka anipeleke nione mto kutoka chini."

Nikamwambia. "Alipanda lori Khunyangu. Lori ikaenda na maji. Hatukumpata. Tumezika mgomba."

Akangoja. Nilimwona anangoja. Alikuwa amezoea nikisema kitu, nyuma yake inafuata ng'ombe wanaingia kwa mdomo. Haikufuata kitu. Nikamwongezea chai.

"Toa..." akaanza.

"Hakuna ya kutoa, mwalimu. Imeisha hapo."

Akaweka kikombe chini. Machozi ikamtoka, yeye si wa ukoo, na mimi wa ukoo nikapanguza meza.

Kwa maisha yangu yote hiyo ndio hadithi moja tu nilipeana bila kuongeza hata punje. Na ndio hiyo moja haikuwa kweli.

Hiyo kitabu ya majanga alituletea mwenyewe mpaka boma. Baba mdogo akaita majirani, wakaketi, mwalimu akasimama akasoma kile kipande yetu. Ilikuwa kwa Kiswahili ile safi ya shule. Naikumbuka mpaka leo: "Kijana huyo, aliyenisukumia mtumbwi kati ya mafunjo, alichukuliwa na maji ya Sio. Mwili wake haukuonekana tena. Jamaa zake walizika mgomba mahali pake." Halafu baba mdogo akapiga makofi, na majirani wakapiga.

"Sasa imekwisha kabisa," akasema na ile sauti yake. "Tulimzika kwa udongo, na sasa amezikwa kwa karatasi. Hata serikali ikuje iulize."

Mama akaichukua akaifunga kwa leso pamoja na ile ya wanyama. Lakini wakati watu wanakunywa chai alienda pale kwa kaburi na maji ya kuoshea vyombo, akaimwaga hapo. Nikaenda kuangalia anafanya nini. Kwa udongo kulikuwa kumetoka kitu kijani, imejikunja kama sikio ya sungura.

Mgomba ilikuwa imeota.

Baba mdogo alitaka kuing'oa siku hiyo hiyo. "Kaburi haioti!" akapiga kelele.

"Basi si kaburi," mama akasema.

"Ni laana."

"Ni ndizi."

Na akasimama mbele yake na ile beseni mpaka baba mdogo akaenda zake. Ikakua. Ikazaa watoto, ikawa kichaka. Ikabeba ndizi za kushangaza, kidole moja ilikuwa inalisha darasa na mwalimu wao. Lakini hakuna mtu kwa boma alikula, nani atakula ndizi ya kaburi? Zililiwa na ndege. Ndege wa boma yetu walinenepa mpaka wakashindwa kuruka, wakawa wanapanda basi kwenda Kisumu. Hivyo ndivyo nilikuwa nasema Malaba, na mataniboi walikuwa wanaanguka chini. Mimi nacheka pamoja nao, na kifua ni kama jiko ya jana.

Tukakaa hivyo. Miaka ikapita.

Halafu ukafika ule mwaka serikali ya ng'ambo iliangushwa. Watu walikuwa wanavuka Malaba na magodoro kwa kichwa, na kuku, na mlango, mimi nilimwona mtu amebeba mlango bila nyumba. Hiyo si chumvi. Asubuhi moja mtu akasimama kwa kibanda yangu. Amekonda, nywele imekatwa vibaya. Niliweka chai mbele yake kabla sijamwangalia, kwa sababu watu wa aina hiyo walikuwa wengi na nilikuwa nawapatia. Akashika kikombe na mikono mbili. Nikaangalia hiyo mikono. Nikapanda mpaka kwa mabega. Mabega haikuwa, lakini mahali pake ilikuwepo.

Alikuwa ndugu yangu.

Unajua nilimwambia nini? Mimi, mtu wa mdomo, mtu wa kiboko?

"Umekula?"

"Bado," akasema.

Nikamkatia mandazi.

Maneno yake ilikuja kidogo kidogo. Siku ile ya lori alishuka kabla ya kufika kwa mto. Jamaa mmoja wa baiskeli alimwambia kuna kazi ya magendo: unavusha sukari na sabuni ng'ambo kwa njia za panya, unarudi na kahawa. Wakashuka chini kwa mto, pale mto yenyewe ndio mpaka, wakavuka na mtumbwi kabla maji ijae. Upande wa pili askari walikuwa wanangoja. Yule wa baiskeli hakufika mbali. Ndugu yangu, kwa sababu ya mabega, walimwambia abebe sufuria. Wakampeleka kambi. Akaosha sufuria za askari mpaka serikali ikaanguka, na walipokimbia wakaacha mlango wazi, akamaliza ile sufuria alikuwa nayo kwa mkono, ndio akatoka.

"Mbona ulimaliza kuosha?" nikamwuliza.

Akafikiria. "Ilikuwa imebaki kidogo."

Hayo tu. Akamaliza chai, akachukua vikombe vyangu vyote, akaanza kuosha.

Nikampandisha lori ya kwanza ya kurudi upande wa Busia, mpaka kwetu. Lakini kwa njia nilikuwa nimekumbuka tulimzika. Nikamwacha nje ya fensi ya miti ya manyara, nikaingia peke yangu kumwita baba mdogo. Akatoka, akamwona, akarudi nyuma kama amekanyaga makaa.

"Asiingie!"

"Baba mdogo, ni yeye."

"Najua ni yeye! Ndio maana asiingie! Huyu tulimzika, tukanyoa, tukakula ng'ombe yake. Akipita hapo kwa geti hivi hivi, anapita kama maiti, na atatuvuta wote nyuma yake. Asishike mtu mkono, asikule kwa sahani yetu, mpaka atolewe kwa shimo."

Kelele hiyo ilimtoa mama jikoni. Alikuwa amezeeka wakati huo, magoti inamsumbua. Alitembea mpaka kwa fensi, akasimama upande wa ndani. Ndugu yangu upande wa nje. Fensi yenyewe ilikuwa inafika kwa kifua, mtoto angeiruka. Wakaangaliana. Mama akainua mkono, akakumbuka, akaishusha.

"Wewe," akamwambia.

Ndugu yangu akainama kichwa.

"Nilijua," mama akasema. Akaleta kiti yake ya miguu mitatu, akaketi hapo hapo ndani ya fensi.

Ikawa hivyo kila siku. Ndugu yangu alikuwa analala kwa chumba yangu Malaba, asubuhi ananisaidia kuosha vikombe, halafu anapanda lori anakuja kuketi nje ya fensi. Mama ndani, yeye nje. Anaangalia mikono yake. Mama anaangalia kichwa yake. Na harufu ya samaki na ugali ya wimbi inatoka jikoni na hawezi kupewa hata mchuzi. Mama kitu alikuwa anataka kwa dunia nzima ilikuwa hiyo moja tu: ampakulie.

"Malizeni haraka," alikuwa ananiambia. "Mimi sina magoti ya kungoja."

Kondoo dume ya kumtolea kwa shimo tukapata. Mzee wa kumnyunyizia ikichinjwa tukapata. Ile kichaka ya ndizi ikapangiwa siku ya kuchimbwa. Mimi nikafikiri tumefika. Baba mdogo akasema, "Na kitabu?"

"Kitabu imefanya nini?"

"Si ilisomwa hapa? Si watu walipiga makofi? Ilisema mwili yake haikuonekana tena. Tukitoa mgomba tuache kitabu, tumetoa mguu moja, ingine imebaki kwa shimo."

"Basi tuichome."

"Nani alimweka ndani?"

"Mwalimu."

"Basi mwalimu ndiye anamtoa. Mimi sikuandika. Na wewe hata ukitaka hujui kuandika."

Nilibishana naye, mama alibishana naye. Akafunga mdomo yake, na huyo akifunga mdomo Busia nzima inasikia. Ikabidi nitume neno kwa madereva. Neno ukimpa dereva wa lori inafika, lakini haifiki ilivyotoka. Yangu ilikuwa: mwambieni ndugu yangu amerudi, aje. Ilipomfikia huko Kakamega ilikuwa ati ndugu yangu ametoka kwa kaburi akila ndizi zake mwenyewe na anatafuta mwenye kitabu. Mwalimu akasema ni mimi tu, na mchezo yangu. Lakini alikuwa anakuja upande huo kwa sababu sasa alikuwa anaandika kitabu ya tatu, ya historia, vile mpaka ilikatwa na watu wakagawanywa huku na huko. Akaja kwa benchi yake.

"Wewe na mdomo yako," akasema. "Safari hii umepita kiasi. Kwa ndugu yako mwenyewe? Toa chumvi."

"Geuka, mwalimu."

Ndugu yangu alikuwa nyuma ya kibanda amechutama, anasugua sufuria ya maziwa na majivu. Mwalimu aligeuka. Akaangalia. Mkoba yake ikateleza kutoka kwa magoti ikaanguka chini, na hakuiokota.

"Shikamoo, mwalimu," ndugu yangu akasema, akaendelea kusugua.

Kabla ya kuondoka mwalimu alimwuliza kwa sauti ya chini, kama anaomba: angetaka aweke kwa hiyo ya historia yale aliyaona ng'ambo? Ndugu yangu akamwagia sufuria maji.

"Hapana, mwalimu. Nisiandikwe tena."

Na hakumwandika. Hiyo kitabu nimekuja kuisoma mwenyewe, na kidole, neno kwa neno, na miwani ya kuazima. Mpaka iko, foleni ya malori iko. Yeye hayuko.

Siku yenyewe watu walijaa. Kichaka ya ndizi ilikuwa imeng'olewa, imelala kando na mizizi juu, shimo iko wazi. Ndugu yangu nje ya fensi. Mama kwa mlango ya jikoni, amevaa nguo ya kanisa, sahani iko tayari imefunikwa. Mwalimu akasimama mbele ya baba mdogo na ile kitabu ya mama kwa mkono.

"Mzee, naomba unisikie. Kitabu ikishatoka, imetoka. Sina nguvu ya kuirudisha. Ziko kwa mashule, ziko Nairobi, ziko Mombasa."

"Mama, ulijenga nyumba gani haina mlango?"

"Niliambiwa amekufa."

"Na nani?"

Mwalimu akaniangalia. "Na huyu. Siku hiyo hakuongeza kitu. Ndio nikaamini."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika kamba ya kondoo. Kondoo ndio akalia mahali pangu.

"Soma," baba mdogo akamwambia mwalimu.

Akasoma. Maneno ni yale yale, ya kijana na mafunjo na maji, na kijana mwenyewe amesimama hapo anasikiliza vile alikufa. Alisikiliza kama mtu anasikiliza habari ya mazao kwa redio.

"Sasa sema."

Mwalimu akamgeukia ndugu yangu. "Hakufa. Niliandika kile niliambiwa, na haikuwa hivyo. Huyu hapa."

"Mtoe."

Huyu mama alikuwa mtu akikuona umekunja kona ya ukurasa anakuchapa vidole. Akashika hiyo ukurasa juu, akaipasua mpaka chini. Ile sauti niliisikia kuliko kilio zote za ile matanga. Akaipeana. Baba mdogo akaitupa kwa shimo.

"Na hizo zingine?" akauliza. "Za Nairobi? Huko bado amekufa."

Watu wakaanza kunung'unika. Mwalimu akafungua mikono, haina kitu. Nikaona siku inaenda, kondoo atarudishwa, na mama atarudi kwa kiti yake ya fensi mpaka magoti imalizike. Baba mdogo alikuwa amefunga mdomo tena.

Mama akaweka sahani chini. Akakuja pole pole katikati ya watu, ameshika kiuno.

"Shemeji," akamwambia baba mdogo. "Hizo za Nairobi zilisomwa kwa boma yangu?"

"Hapana."

"Watu wa Nairobi walinyoa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi huko wamlilie wakitaka. Hapa kwangu iko moja, na imepasuliwa. Chinja kondoo."

Baba mdogo akaangalia wazee wengine. Mmoja wao alikuwa anaangalia kondoo kwa njaa. Huyo akasema ni sawa. Wakachinja. Ndugu yangu akanyunyiziwa ile majani ya tumbo ya kondoo, ile alikuwa amekula, kwa kichwa na kwa kifua, akaambiwa aruke shimo, akairuka, akaingia. Hakuna mtu alipiga makofi. Kijana mmoja akarudisha udongo.

Mama alikuwa ameshafunua sahani. Ugali ya wimbi na muhogo, samaki mkavu kwa mchuzi ya njugu, mboga ya mrenda. Ndugu yangu akaketi kwa mkeka akakula. Akamaliza, mama akaongeza. Akamaliza, mama akaongeza. Alikuwa anakula vile alikuwa anaosha sufuria, mpaka mwisho. Sisi tumesimama kama watu wanaangalia treni ikipita. Mimi nilikuwa nangojea tena ile kitu ya kifua. Nilisema labda sasa.

Mwishowe akasukuma sahani kidogo.

"Mama, nimeshiba."

Mama akachukua sahani, akaingia nayo jikoni. Halafu tukasikia nduru. Mama yangu alikuwa analia, kile kilio ya matanga yenyewe, na majina yote ya watu wa kwao waliotangulia, kile kilio alikataa kuipa mgomba. Alikuwa ameitunza yote. Ilivuka Alupe, ikavuka barabara.

Na wewe unajua kwetu mtu akisikia hiyo sauti anafanya nini. Anaacha jembe anakimbia. Watu wakaanza kutoka kila upande, wanawake wamefunga leso kiunoni, wengine tayari wanalia. Mwalimu alitaka kuingia jikoni, baba mdogo akamshika mkono, akamwambia, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tena kwake, "Mwache." Nikaona lazima mtu asimame kwa geti. Nikaenda mimi.

"Nani amekufa?" mwanamke wa kwanza akaniuliza, anahema.

"Hakuna mtu."

"Nani?"

"Hakuna mtu amekufa, mama. Ndugu yangu amerudi, amekula, ameshiba. Rudini."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Wewe! Hata leo? Hata kwa kilio ya mama yako? Toka kwa njia!"

Akanisukuma akapita. Na wengine wakapita. Wote walinijua. Waliingia mpaka kwa boma, wakaona kondoo imechinjwa, udongo mpya, wanaume wamenyamaza, ndugu yangu ameketi kwa mkeka na majani ya tumbo ya kondoo kwa nywele. Wakaketi chini mmoja mmoja na kuanza kulia pamoja na mama.

Nilirudi nikawasha moto, nikaweka maji mingi. Watu wakiwa wengi hivyo lazima kuwe na chai. Ndugu yangu akainuka kwa mkeka, akaja karibu na mimi, akachutama, akaanza kunipangia vikombe.